Si Space Shuttle yote iliyorudi

Ndugu, umeuliza kama Space Shuttle, chombo cha Marekani cha kupeleka watu anga za juu, ilirudi nzima na kuruka tena vilevile. Hapana. Lile tangi kubwa la mafuta, la rangi ya machungwa, lilitupwa kila safari, likavunjika na kuungua hewani. Roketi mbili za pembeni zilishuka Atlantiki kwa miavuli, meli zikazivuta hadi Florida zikafanyiwe ukarabati. Chombo chenyewe kilitua kama ndege, ila bila nguvu ya injini: rubani akikosea kulenga uwanja, hakuna kuzunguka tena.

Kazi kubwa ilianza baada ya kutua. Mwili wake ulikingwa joto kwa vigae vya silika zaidi ya 20,000, vyepesi ajabu, na mafundi walivikagua kimoja kimoja. Ndiyo maana gharama haikushuka kama ilivyoahidiwa.

Safari zilikuwa 135, kuanzia 1981 hadi 2011. Mwaka 2003, wakati Columbia, mojawapo ya vyombo hivyo, inapaa, kipande cha povu gumu kilibanduka kwenye tangi kikatoboa ukingo wa bawa la kushoto. Kwa sababu ya tundu hilo, wanaanga wote 7 walikufa wakirudi. Kinachoniuma ni kwamba wahandisi waliomba bawa lipigwe picha likiwa bado angani, wakakataliwa.