Kitoto cha piano chenye alama ya jua: alama naiangalia mwisho

Mkuu, umeuliza kama hicho kitoto cha piano unachouziwa mtandaoni (sanamu ya kaure ya mtoto mchanga, pambo la kuwekwa juu ya piano), chenye alama ya jua linalochomoza na herufi GH, ni cha Heubach kweli, kile kiwanda cha kaure cha Ujerumani, au ni kopi. Kwa picha ya alama peke yake huwezi kujua. Alama ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kughushi. Naishi Erfurt, na miaka mingi nimezikusanya sanamu hizi kwenye magulio ya vitu vya zamani hapa jimbo la Thuringia, Ujerumani, zilikotengenezwa. Alama naiangalia mwisho.

Naanza na macho. Mafundi wa Gebrüder Heubach, pale Lichte, walizoea kuichimba mboni iingie ndani, kisha wakaweka kinukta cheupe cha mwanga. Geuza sanamu dirishani utaona kivuli kikituama ndani ya mboni, na uso unachangamka. Kopi nyingi macho yake ni bapa, yamechorwa kwa brashi basi.

Ngozi nayo inasema. Sanamu hizi ni za biski, yaani kaure isiyopakwa glezi, ule utando wa kung'aa kama kioo, kwa hiyo udongo mbaya hauna pa kujificha. Ya zamani iliyo nzuri ni laini kama ganda la yai. Kopi za bei rahisi hukwaruza kidole.

Sasa kipimo, ambacho wengi hawakiulizi. Anayetaka kopi ya haraka huchukua sanamu halisi akaitolea kalibu. Udongo hunywea tanurini, kwa hiyo kopi hutoka ndogo kuliko mama yake, na kucha, vishimo vya mashavu na mikunjo ya nguo hufifia. Muombe muuzaji urefu kwa sentimita, ulinganishe na katalogi za minada.

Kuhusu neno "Germany" linalopigwa kwenye sanamu: sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa za nje zionyeshe nchi zilikotoka, kuanzia 1891. Wauzaji wanapenda kuligeuza hilo: neno halipo, basi eti ni ya kabla ya 1891, na bei inaruka. Uongo mtupu. Zilizouzwa humu humu Ujerumani hazikubanwa na sheria ya Marekani, na nyingine hazina alama yoyote.

Ukiipata mkononi, zima taa uimulike kwa ile taa ya kukagulia noti bandia. Gundi na rangi ya kiraka mara nyingi hung'aa tofauti na kaure. Tazama shingo na vidole, ndivyo huvunjika kwanza. Usiiloweke kabla ya hapo, kiraka cha zamani kinaweza kuachia. Na jiki usiiguse kabisa. Brashi laini na maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo yanatosha, ukijaribu kwanza mahali pasipoonekana, maana kuna rangi ambazo hazikuchomwa.

Tuma picha ya macho kwa karibu, ya vidole na ya chini, pamoja na urefu. Muuzaji akigoma kuvipiga picha vidole, mimi ningemwachia sanamu yake.