Kabla Hujaongeza Kidonge: kwa Wanaoanza Kazi Kliniki ya Sukari na Presha, Pemba

Nyinyi mnaopangiwa kliniki ya sukari na presha kwa mara ya kwanza, hapa Chake, Wete, Mkoani, Micheweni au kwenye vituo vya shehia, nina jambo moja nataka mlishike kabla ya mengine yote. Mkikuta presha iko juu au sukari iko juu, msikimbilie kuongeza dozi. Ulizeni kwanza dawa aliyoandikiwa mara iliyopita inaliwaje. Mara nyingi sana dawa haikushindwa kazi, haikufika tumboni.

Hili si jambo dogo. Mtu ameandikiwa amlodipini, dawa ya presha, miligramu 5, haili, wewe unampandisha hadi 10. Kisha wanawe wanakuja kutoka Unguja, wanamsimamia vidonge vyote kama vilivyoandikwa, presha inashuka, na mzee anaanguka alfajiri akienda kutia udhu. Kwa glibenklamidi, dawa ya sukari, hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu dawa hiyo hukaa mwilini muda mrefu na huendelea kushusha sukari hata kama mtu hajala kitu. Mzee wa miaka sabini mwenye figo dhaifu anaweza kuzimia nayo, akazinduliwa kwa glukosi, kisha akazimia tena saa chache baadaye. Ukimpata mgonjwa wa namna hiyo usimrudishe nyumbani siku ile ile kwa sababu ameamka na anazungumza. Mlaze, umpime mara kwa mara mpaka kesho yake.

Sasa, kuuliza kuna namna yake. Ukimuuliza mtu mzima, "Dawa unakula?" atakujibu, "Naam, nakula." Amekuheshimu, na amejihifadhi asigombezwe mbele za watu. Hakudanganya kwa ubaya. Salimia kwanza, mwamkie shikamoo hata kama foleni imefika mlangoni, kisha uliza kwa njia inayomfungulia mlango: "Bi mkubwa, watu wengi hapa zinawapita siku mbili tatu kwa wiki bila ya dawa. Wewe wiki hii zimekupita ngapi?" Utashangaa jinsi jibu linavyobadilika. Na kila mgonjwa aje na kifuko chake cha dawa, chenye vidonge vyote, vya spitali, vya duka la dawa na vya miti. Vimwage mezani mvihesabu pamoja.

Sababu mtakazozisikia zina maana, ukizisikiliza mpaka mwisho. Iliyo kubwa ni kwamba mtu anajisikia mzima. Alikuja kichwa kinamuuma, akapewa dawa ya mwezi mmoja, akapimwa akaambiwa presha nzuri, akaona kazi imekwisha. Hapo mwenye jukumu ni wewe. Siku ile ile ya kwanza mwambie kwamba presha nzuri aliyoipata ni kwa sababu ya kidonge, na kidonge kikisita, nayo inarudi, mara nyingi bila ya dalili yoyote mpaka siku ya kiharusi.

Nyingine ni madhara ya dawa. Amlodipini huvimbisha vifundo vya miguu kwa baadhi ya watu. Enalaprili, nayo ya presha, huleta kwa baadhi ya watu kikohozi kikavu ambacho hakiishi kwa dawa za kikohozi wala antibiotiki. Nimeona watu wakipimwa makohozi ya kifua kikuu, wakati dawa ya kubadilisha ilikuwa hiyo ya presha. Metformini, dawa ya sukari, huchafua tumbo, hasa ukimuanzishia mtu dozi kubwa. Muanzishe na miligramu 500, aile pamoja na chakula, upandishe polepole kwa wiki. Dawa za kukojoza nazo huachwa kwa sababu ambayo hakuna kitabu kitakachokwambia: mtu ana safari ya boti kwenda Unguja, au anakwenda msibani kukaa kutwa kwenye nyumba ya watu, hataki kusimama kila mara kutafuta choo. Mwambie kwamba siku ya safari anaweza kuila akishafika. Ukimpa ruhusa hiyo, siku nyingine zote ataila.

Kisha kuna nyumba. Mama anaandikiwa vidonge vya siku thelathini, dada yake naye ana presha na kliniki yake ni mbali, wanagawana. Kwa hesabu ya udugu amefanya jambo jema, kwa hiyo usimkemee. Muombe amlete huyo dada naye aandikishwe. Mwengine ameambiwa dawa imekwisha spitali akanunue, pesa imetosha vidonge kumi, akavikata nusu nusu. Ukijua hivyo utatafuta dawa ya bei nafuu zaidi badala ya kumuandikia kali zaidi. Na wengi hawakuelewa kabisa maandishi ya "1x2" juu ya bahasha. Sema kwa mdomo: kimoja baada ya kunywa chai asubuhi, kimoja baada ya chakula cha usiku, kisha muombe akurudishie maneno hayo kwa kauli yake.

Kuhusu dawa za miti na kombe, yaani aya za Qur'ani zinazoandikwa kisha zikaoshwa kwa maji ya kunywa: usimdhihaki mtu, na usimpe uchaguzi wa ama hiki ama kile, kwa sababu akichagua hutajua amechagua nini. Kombe halina ugomvi na metformini. Mizizi na majani ya kuchemsha ndiyo ya kuuliza kwa undani, ni nini, kiasi gani, tangu lini, maana kuna yanayoshusha sukari juu ya dawa uliyompa na kuna yanayoumiza figo.

Yote haya ukiyapata, yaandike kwenye daftari la mgonjwa. "Presha 168/100" peke yake inamfanya mwenzako wa mwezi ujao aongeze kidonge. "Presha 168/100, hajala dawa siku sita, miguu ilivimba" inamfanya abadilishe dawa.

Kipimo chenyewe kina mambo yake. Mgonjwa aliyeteremka gari, akapanda ngazi, akakaa kitini ukamfunga mkanda papo hapo, presha yake haitakuwa ya kweli. Mpumzishe dakika tano, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, mkono uko usawa wa moyo, na asizungumze. Muulize kama ana haja ndogo, kwani kibofu kilichojaa hupandisha namba. Kwa wanawake wekeni pazia. Nguo iliyokunjwa juu ikabana mkono huharibu kipimo, na kufunga mkanda juu ya baibui ni kubahatisha. Mama akiwa nyuma ya pazia, na aliyempima ni muuguzi mwanamke, atatoa mkono wake bila ya taabu. Ikifika 140/90 au zaidi, pima tena, na isipokuwa iko juu sana au ana dalili za hatari, mrudishe siku nyingine upime kabla hujamwambia ana maradhi ya maisha. Mama mwenye mimba, au anayetarajia kubeba, asipewe enalaprili. Mpelekeni anakostahili mapema.

Kwa sukari, angalieni mashine inasoma kwa kizio gani, mmol/L kama zetu au mg/dL. Watu wengi wana jamaa zao Uarabuni, na mtu anakuja na mashine aliyoletewa kutoka Dubai inayoandika 180. Nyumba nzima imeingia hofu, wakati 180 ya mashine ile ni 10 ya mashine yetu. Gawanya kwa 18. Saba ya asubuhi kabla ya kula, ambayo ndiyo mpaka wa kusema mtu ana kisukari, kwenye mashine hiyo itaonekana 126. Muandikieni namba zote mbili kwenye jalada la daftari lake.

Chakula nitakisema kwa ufupi ingawa wagonjwa watakuuliza zaidi ya kingine chochote. Msiwape karatasi zenye vyakula ambavyo Pemba havipo. Zungumzeni muhogo, majimbi, ndizi, wali wa nazi, samaki, mchicha, chai na boflo. Asali na tende ni sukari, hata kama zina baraka zake. Papa mkavu na ng'onda vina chumvi nyingi; viroweke, maji yamwagwe, na mchuzi usitiwe chumvi nyingine. Tatizo halisi ni kwamba watu wanakula sinia moja, hakuna anayejua amekula kiasi gani. Kwa hiyo siku moja muite anayepika, mke, binti au mkwe, akae karibu na mgonjwa wakati unazungumza. Mgonjwa akipakuliwa sahani yake pembeni na bado amekaa na wenzake kwenye mkeka mmoja, hakutengwa, na wali wake unaonekana ni kiasi gani.

Ramadhani ndiyo itakayowapima kazi yenu. Msisubiri mwezi uandame. Anzeni Rajabu, kila anayekuja aulizwe anakusudia nini. Mkinyamaza, atafunga bila ya kuwaambia, atakula dawa zote za kutwa wakati wa daku, na saa tisa alasiri mtaletewa amezimia. Wapo wa kuwaambia wazi wasifunge: mwenye mimba na kisukari, mwenye figo mbovu, wengi wa wanaotumia insulini tangu utotoni, na aliyezimia kwa sukari kushuka katika miezi mitatu iliyopita. Ruhusa ya mgonjwa imo ndani ya Suratul Baqara, aya ya 184 na 185, lakini maneno hayo yanaingia zaidi yakitoka kwa maalim wa msikiti wake kuliko kwako. Nendeni mkazungumze na maimamu kabla ya mwezi. Wengi wamefurahi kuulizwa, na hotuba moja ya Ijumaa imefanya kazi kuliko mabango yetu.

Anayefunga abadilishiwe saa za dawa. Metformini ya mara mbili inakwenda futari na daku. Glibenklamidi, ikiwa ipo dawa nyingine ya kumpa, muondoleeni; ikiwa haipo, dozi kubwa iwe ya futari, ya daku ipunguzwe au iondolewe, kwa maelekezo ya daktari. Daku aicheleweshe karibu na alfajiri, asile saa nne za usiku akalala. Kaimati na tambi za sukari zisiwe za kila siku. Na apime akiwa amefunga: masheikh wengi wamefafanua kwamba tone la damu la kidoleni halifunguzi. Ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda juu ya 16.7, afungue papo hapo, hata kama zimebaki dakika kumi kwa magharibi. Hizo dakika kumi ndizo watu wanazoumia nazo. Jasho jembamba, mikono kutetemeka, maneno kuchanganyika: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, apime tena baada ya robo saa. Akiwa hawezi kumeza msimtie kitu mdomoni, mkimbizeni.

Wenye insulini na hawana friji, waonesheni kwa mikono mtungi: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliorowa katikati, kivulini panapopita upepo, chupa imefungwa ndani ya mfuko usiingie maji. Chupa iliyofunguliwa itumike ndani ya wiki nne. Wengine huizika kwenye barafu ya samaki wakidhani ndiyo wameihifadhi zaidi. Insulini iliyoganda imeharibika, hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Miguu nimeiacha mwisho kwa sababu ndiko ninakoumia zaidi. Kila mgonjwa wa kisukari, kila anapokuja, avue viatu. Huna kifaa cha kupimia? Mfunge macho, gusa kwa ncha ya kidole chako, kwa wepesi, ncha za vidole vya miguu yake, na akwambie kila anapohisi. Asipohisi viwili au zaidi, miguu hiyo imeshapoteza ulinzi, naye hajui. Ndiye atakayekanyaga mwiba kwenye shamba la mikarafuu akarudi nao nyumbani, au kaa la moto jikoni, na asikie harufu kabla ya maumivu. Asitembee peku hata ndani ya nyumba. Apapase ndani ya kiatu kabla ya kuvaa. Asiroweke miguu kwenye maji ya moto.

Na udhu mtumie. Mtu anayesali anaiosha miguu yake mara tano kwa siku. Mwambie katika udhu wa mchana, kwenye mwangaza, aiangalie, nyayo na baina ya vidole, na kila akiosha akaushe baina ya vidole kwa kitambaa. Asiyeona vizuri aangaliwe na mjukuu. Nimewaona watu wakiokoa vidole vyao kwa hilo peke yake.

Mkikuta kidole kimegeuka cheusi, au kidonda kinanuka, au wekundu unapanda mguuni, au mtu ana homa pamoja na kidonda, musimuandikie tarehe ya kliniki ijayo na musimfunge kidonda akaenda zake. Atoke hapo kwenye kituo siku hiyo hiyo kwenda spitali kubwa, ya Chake au ya Abdalla Mzee iliyoko Mkoani, akiwa na barua na mtu wa kumsindikiza. Pigeni simu kabla hajafika, na jioni mpige tena muulize kama amefika.