Fiat 500 ya zamani kwenye barabara za Uganda: usiifanye Toyota

Nijibu mara moja wale wanaonisimamisha kuuliza: ndio, unaweza kuendesha Fiat 500 ya zamani hapa Uganda, na sio kuiweka uani kama pambo, naongea kuendesha kweli, Kampala kwenye jamu na hata mpaka Jinja na kurudi, na hapana, haitakufilisi, ila itakula Jumamosi zako, na kama huna Jumamosi za kuliwa basi nunua tu Vitz tuache maneno.

Nazungumzia ile yenyewe, Nuova 500, aliyoichora Dante Giacosa na ikatengenezwa Italia kuanzia 1957 mpaka 1975, sio hii ya juzijuzi yenye AC. Urefu haufiki hata mita tatu. Injini iko nyuma, silinda mbili, cc 499, inapozwa na upepo peke yake, nguvu za farasi 18, yaani boda mbili hivi zikichangishana. Yangu ni modeli F ya 1969 kwa hiyo mengi hapa ni ya F, lakini wewe mwenye L usikimbie, mambo ni yaleyale, ya kwako imeongezewa urembo na geji ya petroli tu.

Sasa neno langu kubwa ni hili. Hizi gari hapa kwetu hazifi kwa uzee. Zinakufa kwa sababu kila mtu anaifanya Toyota: mtu wa petroli, mtu wa kujaza upepo kwenye tairi, makanika, dereva wa trela aliye nyuma yako, na wewe mwenyewe siku ukisahau umekalia nini.

Tuanze na joto maana hapo ndipo wengi wanaulia injini. Hakuna rejeta, hakuna maji, hakuna geji ya temperecha. Kuna feni, na hiyo feni inazungushwa na belti ileile inayozungusha dainamo, alafu kuna mabati yanayoongoza upepo upite kwenye mapezi ya silinda (zile mbavu za chuma za kutoa joto), basi, mfumo mzima ndio huo. Kwenye Toyota Premio taa ya chaji ikiwaka unasema ah nitaangalia nikifika nyumbani. Kwenye hii taa ya dainamo ikiwaka ukiwa kwenye mwendo inawezekana belti imekatika, na belti ikikatika feni haizunguki, na feni isipozunguka una dakika chache tu injini ianze kujipika. Weka pembeni hapohapo, zima, hata kama ni mahali pabaya. Belti ya akiba na spana zake zikae ndani ya gari siku zote, sio nyumbani kwenye droo.

Lakini usiogope kila taa. Dainamo sio kama altaneta ya gari za sasa, injini ikiwa silensa tu (inaunguruma bila kukanyaga mafuta) pale Wandegeya usiku na umewasha taa na waipa haichaji kitu, taa nyekundu itawaka kidogo. Kanyaga mafuta kidogo, ikizimika hiyo ni kawaida yake. Isipozimika, shuka.

Kuna kitu kingine ambacho makanika wetu hawakijui kwa sababu hawajawahi kukutana nacho: ubavuni kwenye yale mabati ya injini kuna kamlango kanakofunguliwa na thamostati injini ikipata moto, kwa ajili ya baridi ya Torino injini ichemke haraka. Kampala nani anahitaji hiyo? Thamostati ikichoka kamlango kanabaki kamefungwa na hewa moto haitoki, injini inaiva na wewe unabadilisha plagi na kabureta bila kujua tatizo liko wapi. Kafunge waya kakae wazi moja kwa moja. Kwangu hiyo ndiyo kazi ya kwanza kabisa kufanya kwa gari yoyote ya aina hii inayoishi huku, kabla hata ya rangi, na ni ya bure.

Alafu vumbi. Injini hizi huvuja oili kidogo, zote, ukiambiwa yako haivuji pima oili pengine imeisha. Sasa ile oili ikikutana na lile vumbi jekundu letu inaganda kwenye mapezi ya silinda kama tofali, upepo wa feni unapita juu juu tu. Kila kiangazi kikiisha mimi huvua mabati yote, napiga brashi na mafuta ya taa, nakausha, narudisha. Ni kazi chafu ya siku nzima na hakuna njia ya mkato, na tafadhali usipeleke woshingi bei wakapige na presha, wale vijana wataingiza maji kwenye distributa na mapezi yenyewe yatabaki na uchafu wake kule ndani.

Jamu ya Clock Tower saa kumi na moja jioni ni mtihani. Pampu ya petroli ni ya mekanika, imefungwa kwenye injini yenyewe, na tanki liko mbele, kwa hiyo pampu inavuta mafuta kutoka mwisho mwingine wa gari na ikipata moto sana petroli inageuka mvuke kabla haijafika kwenye kabureta, gari inakohoa inazima, na kwa kawaida inachagua kuzima kwenye mlima. Dawa ni chupa ya maji na kitambaa, lowesha kitambaa funga kwenye pampu, subiri. Taksi nyuma zitapiga honi, acha zipige, hata usipogeuka zitapiga tu. Jamu ikisimama kabisa mimi nazima, na kuwasha tena ni kuvuta kile kiwiko cha stata sakafuni katikati ya viti (ufunguo unawasha umeme tu, wezi wengi nadhani wangekata tamaa hapo). Wengine huweka chuma kidogo mlango wa injini ukae wazi kidogo joto litoke, inasaidia na inapendeza pia.

Kumbuka pia Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na injini isiyo na tabo (turbo) hupoteza kama asilimia kumi ya nguvu kila mita elfu moja, kwa hiyo zile farasi 18 za kwenye kitabu wewe huku una 16 siku nzuri. Hewa ikiwa nyepesi petroli inakuwa nyingi kuliko inavyotakiwa, plagi zinatoka nyeusi. Ukikaa Kabale karibu mita 2,000 utaona zaidi. Jeti kuu (katundu kanakopitisha petroli) ndogo kidogo kwenye kabureta inatatua, lakini kwanza hakikisha filta ya hewa ni safi na choki inarudi mpaka mwisho, maana kebo ya choki huganda na watu wanalaumu kabureta bure.

Petroli yenyewe sio shida. Yenye risasi iliondoka huku kwetu tangu 2006 na gari bado zinatembea, ila fuatilia vavu. Panga tapeti, yaani nafasi ya vavu, injini ikiwa baridi kabisa, 0.15 mm, ni vavu nne tu hata chai haijapoa umemaliza. Ukiona nafasi ya vavu ya ekzosi inazidi kuwa ndogo kila ukipima, siti ya vavu inaliwa, anza kuweka pesa ya kutengeneza silinda hedi.

Oili ni 20W-50 ya kawaida, inaingia kama lita mbili na nusu. Makanika atazunguka gari nzima akitafuta oili filta na hataiona, kwa sababu hakuna ya kufungua na kutupa, uchafu unarushwa pembeni na puli ya krenki inapozunguka na unabaki humo humo. Kwa hiyo oili hii haichujwi kwa karatasi, imwage mapema, kilomita 2,500 au chini ya hapo kama unapita barabara za vumbi. Usikubali mtu akuambie hii ni sinthetiki inakwenda elfu kumi. Hiyo ni ya Toyota.

Kwenye petroli steshoni shuka mwenyewe. Mdomo wa tanki uko chini ya boneti ya mbele, kijana atazunguka nyuma, atainua kile kifuniko, atakutana na injini, atacheka, alafu akishaelewa atamimina mpaka imwagike na betri iko hapohapo mbele. Mwambie taratibu ssebo (bwana), na mwambie kiasi, F haina geji, kuna taa tu ya kukuambia imebaki kidogo. Hosi zote za mpira za petroli badilisha siku ya kwanza unayoinunua, zote, bila kujadiliana na mtu, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mkono wako.

Upepo wa tairi nao. Ukimwambia mtu wa upepo "weka", anaweka psi 35, ndio Kiswahili anachokijua. Gari hii nyuma inataka kama 23 na mbele 19 tu, kwa sababu mbele hakuna uzito. Ukiweka 35 mbele usukani unakuwa mwepesi hauna habari, na kila shimo linafika kwenye meno yako. Nunua geji yako, ni vitu vya bei ya rolex mbili tatu (zile chapati za mayai, sio saa). Matairi ni 125 ya inchi 12 ambayo hapa hutayapata, watakupa ya Hijet au Suzuki Carry, 145R12, yale ya kubebea mizigo, magumu na marefu zaidi, yanafanya gari nzito kupanda mlima na yanaweza kugusa ndani. Tafuta 145/70 R12, urefu wake unakaribia kabisa na wa asili.

Sasa barabarani. Gia namba moja inaingia ukiwa umesimama kabisa, usibishane nayo, na ukishusha gia piga klachi mara mbili, kanyaga, nyutro, achia, gusa mafuta, kanyaga tena, ingiza. Ukishazoea utaona raha yake, ila usimpe funguo mtu ambaye ameendesha otomatiki maisha yake yote, hata akiwa shemeji yako. Breki ni dramu zote nne na mfumo ni mmoja, hosi moja ikipasuka umebaki na handibreki, kwa hiyo mafuta ya breki yabadilishwe kila mwaka na hosi zisiwe za enzi za Amin. Mvua ikinyesha na ukapita kwenye mafuriko ya Bwaise, dramu zikinywa maji breki hazipo, kanyaga kidogo kidogo ukitembea mpaka zikauke.

Entebbe Expressway mimi siipandi. Watu wanaruhusiwa 100, na gari hii ikikimbia mpaka mwisho wa pumzi ni 95 kwenye kitabu, halafu bado ulipie tol ili uogopeshwe? Barabara ya zamani inatosha. Safari ya Jinja ni nyingine kabisa, pale Mabira una malori ya kwenda Malaba, una matrela ya miwa, na paa la gari yako liko mita 1.3 tu kutoka chini kwa hiyo dereva wa trela akiwa karibu nyuma yako hakuoni kabisa, unapotea chini ya kioo chake. Taa ziwe zimewashwa mchana kweupe. Nyuma bandika rifleta kubwa hata kama zinaharibu sura. Tembea 60 au 65, usisubiri akupigie honi, ukiona pembeni pana nafasi nzuri mpishe mapema, akipita shika usukani vizuri maana upepo wake unakuvuta alafu unakusukuma, na kwenye lile daraja jipya la Nile upepo wa ubavuni nao una maneno yake. Usiku usiende. Sina la kuongeza hapo, usiende. Na mikanda ya viti kama haina, funga, kuna mafundi Katwe watakuchomelea mahali pa kuishikia pawe imara.

Spea watu wanadhani ndio jinamizi, kumbe sio. Pale Kisekka, soko la spea la Kampala, usiulize "spea za Fiat 500", watakucheka au watakuuzia kitu cha Corolla. Nenda na kitu chenyewe mkononi. Beringi ina namba, soma namba. Sili ina vipimo. Belti wanapima na ya zamani. Katwe wanatengeneza bushi na mabano na wanachomelea aluminiamu kwa bei ambayo Mzungu akiisikia analia. Vile ambavyo havichongeki, kama pointi za distributa, kebo, gasketi na mapistoni, vinauzwa bado vipya Ulaya, na tena Fiat 126, mdogo wake aliyetengenezwa Poland mpaka mwaka 2000, injini yao ni ya ukoo mmoja na gia boksi yake yenye sinkro (gia zinaingia bila kupiga klachi mara mbili) inaingia kwenye 500, kama una ndugu anakuja kutoka huko mpe orodha.

Gari nzima ndio ngumu. Sheria ya 2018 imezuia kuingiza gari ya miaka 15 au zaidi, kwa hiyo tafuta zilizomo humu humu nchini, kwenye magereji ya familia za zamani, Jinja, Mbale, Tororo, na kabla hujatoa pesa angalia logibuku kuliko unavyoangalia injini. Injini inatengenezeka.

Na inua kapeti. Jeki yake ya asili inaingia kwenye tundu moja ubavuni, katikati, na sakafu ikiwa na kutu itainua kutu peke yake huku gari imebaki chini, kwa hiyo jaribu jeki mbele ya muuzaji, pande zote mbili, ndio mzungumze bei.