Wadogo zangu wa foili, mpira wa wandi si pambo

Wiki hii nimewatazama tena wageni wetu wakiingia majini kwa mbwembwe na mashua zenye foili, yale mabawa ya chini ya maji yanayoinua chombo kizima hewani: kamera kichwani, GPS mkononi, shingo imeinama kusoma namba. Hata hawajamaliza kupigiana makofi, pua ya chombo iko chini, mkia uko juu, na nahodha amesafirishwa mbele ya mlingoti bila nauli. Nimecheka, kisha nikakasirika, maana makosa ni yale yale tuliyoyafanya sisi. Mngekuwa mnabuni makosa mapya ningenyamaza.

1. Hiyo GPS itieni mfukoni. Najua mnataka kasi ya noti 30, yaani maili 30 za baharini kwa saa, ya kuwaonyesha watu. Kila mgeni ananitajia baharia Paul Larsen na zile noti 65.45 alizopiga Walvis Bay, Namibia, Novemba 2012, zaidi ya kilomita 121 kwa saa katika mita 500. Hakuna anayenitajia kwamba mwaka 2008, hapo hapo, chombo cha kwanza cha Sailrocket, mradi wake wa kusaka kasi, kilipaa hewani na kupinduka kinyumenyume naye akiwa ndani. Wala hakuna anayeniuliza foili ya chombo chake cha rekodi ilikuwaje, na mambo yote yapo huko. Foili zetu za kawaida, zilizochongwa mviringo mbele na kuchongoka nyuma, zikikaribia noti 50 hugonga ukuta: shinikizo la maji juu ya bawa hushuka mno, maji yakachemka yakiwa baridi vile vile, na mapovu yakala nguvu ya kuinua. Larsen na wenzake wakaigeuza hesabu. Wakachonga foili kama kabari, kali mbele na butu nyuma, hewa ikaruhusiwa kufuata nyuma yake kwa makusudi. Tanga nalo wakalilaza, likasukuma kwenye mstari mmoja na foili iliyokuwa ikivuta upande wa pili, kikakosekana cha kukipindua chombo. Ukiniuliza mimi, huo ndio mchoro mzuri kuliko yote katika mchezo huu, na ulikaa juu ya maji kwa ubaya wa sura usioelezeka.

2. Ukishapaa, kaza tanga. Mnalegeza kamba mkienda na upepo kwa sababu ndivyo mlivyofundishwa kwenye mashua nzito, lakini chombo kinachoupita upepo kwa kasi huupokea usoni hata kikiwa kinashuka nao.

3. Mpira wa wandi. Wandi ni ule ufito wa puani unaoburura majini kupima chombo kimepaa kiasi gani, na mpira ndio unaouvuta. Hapa nikae kidogo, maana naona aibu mpaka leo.

Nilikuwa mgeni kama nyie, nikaazimwa Moth, ile mashua ndogo ya foili ya mtu mmoja, na kaka mmoja mkubwa katika mchezo huu, mtu mpole ambaye hakuwa na desturi ya kuazimisha. Aliniambia jambo moja tu: "Kagua mpira kabla hujaingia." Nikaukagua. Ulikuwa umechakaa, umeanza kuchanika karibu na ndoano. Mpira mpya ulikuwa kwenye begi lake, hatua chache kutoka pale niliposimama. Lakini upepo ulikuwa umeshafika noti 15, wenzangu wanapaa mbele ya macho yangu, na mimi nikajiona nimebaki peke yangu duniani. Nikakata kile kipande kibovu, nikafunga fundo, nikauvuta kidogo, nikasema unatosha.

Kupanda joshini, upepo unakotoka, kulikwenda vizuri, na ndiko kulikonidanganya. Nilipogeuza kushuka na upepo, mpira ukakatika pembeni mwa fundo. Sasa nyie mnajua wandi inavyofanya kazi. Chombo kikiwa chini, maji huilaza nyuma, flapu, kile kibao cha nyuma ya foili, hushuka, foili huinua. Chombo kikipanda, mpira huivuta wandi isimame, flapu hupanda, foili hupunguza. Mpira usipokuwepo, wandi hulala nyuma muda wote na kuiambia flapu uongo: bado tuko chini, inua. Ikainua. Na nguvu ya foili hukua kwa mraba wa kasi, yaani kasi ikiwa mara mbili inakubeba mara nne, kwa hiyo kile kilichokuwa kikiniinua kwa adabu wakati wa kuondoka sasa kilikuwa kinanirusha. Nikaona maji yanazidi kwenda mbali chini yangu na, mjinga mimi, nikafurahi. Foili ikachungulia nje, ikameza hewa, na kila kilichokuwa kinanibeba kikaisha kwa mpigo mmoja. Pua ikazama mpaka shina la mlingoti. Nikarushwa mbele, nikajibamiza kwenye waya, mlingoti ukavunjika.

Hilo lingeweza kumpata yeyote. Linaloniuma ni kwamba nilipovutwa mpaka ufukweni nilimwambia mwenye chombo nimegonga gogo. Na gogo lenyewe nililipamba: refu, jeusi, limezama nusu, hakuna ambaye angeliona. Kaka yule akakizunguka chombo, akachuchumaa penye pua, akakishika kipande cha mpira kilichobaki kwa vidole viwili. Akaniuliza taratibu, "Na hili fundo, gogo ndilo lililolifunga?"

Sikuwa na jibu. Mlingoti nimeulipa kidogo kidogo kwa muda mrefu, na muda wote huo pale kilabuni sikuitwa kwa jina langu. Niliitwa Gogo. Wapo wanaoniita hivyo mpaka sasa, kwa hiyo mkisikia msiulize.

Mpira hubadilishwa kabla haujaonyesha dalili. Basi.

4. Kuangukia demani, yaani kugeuza pua kuelekea upepo unakokwenda, upepo ukiwa umekaza. Kati ya kupanda joshini na kushuka na upepo kuna eneo ambalo tanga linasukuma kwa nguvu zake zote na pua inatafuta pa kuzama. Mnaingia humo, mnaogopa, mnasimamisha kana, mkono wa usukani, katikati. Katikati ndiko hakufai! Ama umepita ama umerudi joshini. Ingia ukiwa na kasi, mwili nyuma, geuza kwa mkono mmoja usiositasita. Na msidhani ni shida ya wageni peke yao. Oktoba 2012, kwenye ghuba ya San Francisco, katamarani, mashua ya miili miwili, ya futi 72 ya timu ya Oracle ilipinduka kwa mbele ikifanya zamu hiyo hiyo, na walioishika walikuwa miongoni mwa mabaharia bora duniani. Mei mwaka uliofuata, kwenye ghuba hiyo hiyo, ya timu ya Artemis ilipinduka na kuvunjika, na Andrew Simpson, bingwa wa Olimpiki, akafa. Kwa hiyo ninaposema helmeti na kisu cha kukatia kamba, sitaki kusikia kwamba helmeti inaharibu picha.

5. Moth huinamishwa upande wa joshi, kuelekea kwako. Mnaiendesha ikiwa wima kwa sababu mnaogopa kuangukia mgongo. Angukeni, ni maji.

6. Foili ikianza kupiga mluzi, tatizo karibu kila mara ni ukingo wa nyuma: msasa laini, maji, subira. Ikinyofoka ukingo wa mbele, usiingie nayo majini ukisema ni kidogo, maana hewa hupenda kuanzia hapo kushuka. Mwaka 2005 Rohan Veal alitwaa ubingwa wa dunia wa Moth juu ya foili, na tangu hapo darasa zima la mashua za mita 3.35 likalazimika kujifunza kupaa. Nawahakikishia hawakujifunza kwa foili zilizonyofoka.

7. Mkinijia na "mbona haipai?", njooni na uzito wenu, upepo ulivyokuwa, pembe ya foili ya usukani na urefu wa wandi. "Haipai tu" siwezi kuitibu. Nipigieni hata usiku, nitapokea, nitanung'unika, nitajibu.

Na wewe uliyeirudisha foili ya kilabu kwenye rafu ikiwa imenyofoka, ukaigeuza upande mzuri utazame nje: nimekujua. Epoksi iko kabati la juu, msasa uko chini yake. Usikaushe juani.