Kabla hujaibatiza Lithops jina jipya

Vijana mlioingia msimu huu, nawapenda, lakini nilipowakuta kwenye kitalu nyumba mmepanga Lithops lesliei, vimea vinavyofanana na mawe, kwa rangi za nyuso, za kijani huku, za kahawia kule, na lebo za "aina mpya?" zimeshachomekwa, nilishindwa kunyamaza.

1. Rangi si spishi. Mmea huu hushabihiana na changarawe unamoota, na hata kundi moja la porini huwa na mchanganyiko. 'Albinica', namna ya lesliei ya maeneo ya Warrenton, Afrika Kusini, ina uso wa kijani-manjano na ua jeupe; lesliei wa kawaida ni wa kahawia na ua lake ni la njano. Wote ni spishi moja. Tazameni kundi zima, si ule mmoja uliowavutia macho.

2. Majani mapya yakiwa bado yanafyonza maji ya yale makuukuu, msiamue chochote kuhusu spishi yake.

3. Namba ya mahali haiguswi. Desmond Cole, profesa wa lugha za Kibantu, na mkewe Naureen walizunguka miaka mingi wakizipa jamii za porini namba zake. Mimi nikiwa mwanafunzi niliunganisha trei mbili za namba tofauti kwa sababu nyuso zilifanana. Nikaandika jina la spishi kwa wino mzuri, lebo za zamani nikazitupa. Zilipochanua zikachavushana, maana Lithops kwa kawaida haizai kwa chavua yake yenyewe, na mbegu tukazigawa. Mlezi wangu hakunigombeza. Aliuliza tu zimetoka wapi, nikabaki namtazama. Swali lile linaniuma hadi leo, kwa sababu jina lililokosewa husahihishwa: mmea wa Lithops alioukuta mvumbuzi Burchell karibu na Prieska, Afrika Kusini, mwaka 1811 uliwekwa kwanza kwenye jenasi (kundi la spishi) ya Mesembryanthemum, na jenasi Lithops ikaundwa na mtaalamu wa mimea N. E. Brown mwaka 1922. Mahali pakishafutwa, hakuna hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya kuparudisha.

4. Vyumba vya tunda kavu mvihesabu. Lidondosheeni maji lifunguke lenyewe, msilivunje.

5. Viwianishi vya mahali mmea unapoota porini viingie kwenye daftari, kamwe visiwekwe mtandaoni. Wezi wa mimea husoma tunayoandika, na picha moja yenye kilima nyuma yake inatosha kuwafikisha.