Muulize Ami: Ati nyaya za tramu zinauharibu mji wa kale?

Salaam wasomaji. Safari hii nimeletewa maswali matatu na yote yanahusu tramu, lile gari la abiria linalokwenda kwa reli barabarani mjini, sijui kimewaingia nini, Lamu ambako gari zenyewe za kuhesabu tunajadili tramu! Lakini nimeyapenda, kwa hivo suala la bei ya boriti mtanisamehe, litangoja.

*"Asalaam aleikum Ami. Mimi ni kijana wa Langoni. Juzi barazani kulizuka ubishi mpaka kahawa ikapoa. Binamu yangu anasoma Edinburgh kule Scotland, akatutumia picha ya barabara yao kubwa, ngome ya kale iko nyuma juu ya jabali na huku mbele ni nguzo na nyaya za tramu tupu, akasema mji wameuharibu. Mzee mmoja alokuwa baharia akasema yeye alishuka Bordeaux, Ufaransa, tramu inapita mbele ya majumba ya kifalme na juu hakuna waya hata mmoja. Tukamwambia muongo, tramu itakwendaje bila stima? Tuamulie Ami, na useme pia kitu kama hicho kikiingia mji wa kale kinauharibu au vipi. Mbishi wa Langoni."*

Waaleikum salaam mwanangu. Kwanza mkamtake radhi mzee, tena mumlipie kahawa yake, manake hakudanganya hata kidogo.

Bordeaux walifungua tramu Desemba 2003 na tangu wakichora ramani walishasema katikati ya mji hatutaki kuona waya. Basi stima wakaipitisha chini. Katikati ya zile reli mbili kuna reli ya tatu imelala sawasawa na barabara, imekatwakatwa vipande, kipande chenye kupitisha stima kina mita 8, halafu mita 3 hazipitishi kitu, halafu 8 tena, hivo hivo. Kipande kinapata stima pale tu tramu iko juu yake, volti 750, ikishapita kimezimika, kwa hivo mtoto akikimbia nyuma yake akakanyaga hakuna la kumpata. Ikitoka nje ya mji wa kale inainua mkono wake wa juu ya paa inashika waya kama tramu nyengine zote. Sasa usidhani mambo yalikuwa mteremko, miaka ya mwanzo mtambo ulikuwa unazima njiani, abiria wanashuka wanatembea kwa miguu huku wanatukana, mpaka meya mwenyewe akawa anafikiria kuachana nao, na bei yake ni kubwa kuliko nguzo na waya kwa mbali sana. Lakini ulitengenezwa ukatulia, na 2007 UNESCO ikautia mji ule kwenye orodha ya urithi wa dunia tramu ikiwa tayari inapita.

Na binamu yako naye ana hoja. Edinburgh mji wa kale na ule wanaouita mji mpya (mpya wa karne ya 18, wazungu bwana) uliingia orodha hiyo 1995. Tramu yao ilianza kubeba watu 31 Mei 2014, kilomita 14, imemeza pauni milioni 776 na kuchelewa miaka, kwa hivo watu walikuwa na hasira nayo kabla hata hawajaiona. Halafu ile Princes Street imejengwa upande mmoja tu, upande wa pili ni bustani na juu yake ngome, uzuri wa barabara yote uko kwenye ule uwazi. Ukisimamisha nguzo hapo huwezi kuificha, hakuna jumba nyuma yake la kuimeza, inasimama peke yake na mbingu. Nguzo hiyo hiyo ukiisimamisha kwenye mtaa wenye majumba pande zote huenda usiione kabisa.

Hapo ndipo ubishi wenu ulipoteleza, mlikuwa mnauliza tramu inaharibu au haiharibu, wakati jicho halisumbuliwi na tramu. Tramu inapita, dakika mbili imeshakwenda. Kinachobaki ni zile takataka zake: nguzo, nyaya, kibanda cha kungojea, mashine ya tiketi, taa, vibao vya "hatari", na lile jukwaa la kupandia. Waya mmoja kwenye njia iliyonyooka ni kitu kidogo sana, lakini nenda pale reli zinapokutana au kwenye kona, ukitazama juu utadhani mtu ameanika jarife. Wachoraji wazuri wanaijua hiyo kwa hivo makutano wanayapeleka mbali na uwanja mzuri, na nguzo ya waya wanaifanya iwe hiyo hiyo ya taa za barabarani ili wasisimamishe mbili.

Nice, Ufaransa hiyo hiyo, walifanya njia nyengine. Tramu ya 2007 ikifika uwanja wa Masséna inashusha mkono, inavuka kwa betri, ikifika ng'ambo inainua tena. Masafa yenyewe ni mafupi, ndo maana betri za siku zile ziliweza. Laini yao ya pili ilokuja baadaye ikipita barabarani haina waya, inachaji ikisimama kituoni watu wakipanda na kushuka. Kwa hivo mtu akija leo akikwambia bila waya haiwezekani, huyo ama hajasoma ama ana nguzo za kuuza.

Lakini kisa ninachokipenda mimi ni cha Seville, Hispania. Pale tramu ilianza 2007 na inapita ubavuni mwa lile kanisa kubwa ambalo mnara wake ulikuwa wa msikiti. Sasa wale watu wana maandamano yao ya Wiki Takatifu kabla ya Pasaka, wanabeba masanamu marefu juu ya majukwaa mabegani, na nyaya ziko njiani. Ikawa kila mwaka nyaya zinashushwa, sanamu zinapita, nyaya zinapandishwa. Hebu fikiria zefe la Maulidi linatoka Msikiti wa Riyadha, ngoma ziko mbele, bendera juu, halafu mtu anasema ngojeni kwanza fundi wa stima afungue waya! Mwisho wakachoka, wakaleta tramu zinazojichaji kituoni, na kile kipande cha kanisani wakang'oa nguzo moja kwa moja. Hawakuzing'oa kwa sababu ya barua ya UNESCO wala ripoti ya mtaalamu, zimeng'olewa kwa sababu ya zefe.

Florence, Italia, wao walikataa kabisa. Laini moja ilikuwa ipite uwanja wa Duomo, yaani kanisa lao kuu, karibu na lile kuba mashuhuri. Watu wakapiga kelele, 2008 ikapigwa kura ya maoni, wengi walopiga wakasema hapana, na 2009 meya mpya akaufunga uwanja kwa magari yote, basi, teksi, na tramu ikatafutiwa njia nyengine. Mimi nakubaliana nao. Kuna mahali jibu ni hapana tu wala huna haja ya kuchora.

Upande wa pili wa ubishi nao una nguvu, sitawaficha. Strasbourg, Ufaransa pia, walipoanza tramu 1994, uwanja wao mkubwa ulokuwa ukipitwa na magari kutwa ukarudi kuwa wa watu. Hapo Bordeaux ukingo wa mto ulikuwa mabohari na maegesho, leo ni bustani na reli zimepandiwa majani, na mbele ya yale majumba ya kale kuna maji yametandazwa chini kama kioo, jumba unaliona mara mbili. Kwa hivo ukihesabu nguzo ziloingia hesabu na magari yalotoka. Picha ya binamu yako inaonyesha nyaya, lakini mwambie atafute picha ya barabara ile ile siku za zamani aone foleni ya mabasi.

Na Lisbon, Ureno? Zile tramu ndogo za manjano zinapanda vilima, nyaya zimejaa kila kona, na watalii wanapanga foleni wapige picha na nyaya zake. Kitu kikikaa miaka mia kinakuwa urithi nacho. Sisemi hii ni hoja ya kukubali kila kitu, nasema tu jicho lina mazoea, na mazoea yanadanganya pande zote mbili.

Sasa kwetu. Tramu ya Bordeaux ina mita 44 hivi kwa urefu na upana wa mita 2.4. Iweke uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome, kichwa kikielekea bahari, sijui mkia utauweka wapi, na kwenye Usita wa Mui, ule mtaa wetu mkuu, ambako punda wawili wenye mawe wakikutana lazima mmoja arudi nyuma, hata usianze. Kwa hivo tulale salama, haiji. Lakini njia yao ya kupima iko vizuri na inatufaa kwa mambo mengine. Wanachagua mahali watu wanaposimama kutazama, wanapiga picha kwa kimo cha macho ya mtu, si kutoka juu kama ndege, halafu wanachora kile kitu kipya ndani ya picha kwa vipimo vyake vya kweli, na wanaiweka mbele ya watu kabla shimo halijachimbwa. Lamu ni urithi wa dunia tangu 2001, na bandari ya LAPSSET, ule mradi wa kuunganisha Lamu na Ethiopia na Sudan Kusini, ilipokuja kamati ya urithi iliitaka Kenya ipime athari zake kwa mji huu. Bandari ilipata wa kuiulizia. Lakini hizi nyaya za stima zinazokatiza juu ya vichochoro vyetu, madishi, matangi meusi juu ya mapaa, nani alituchorea picha? Simama mashuani uutazame mji kutoka baharini, halafu niambie jicho lako limekwenda wapi kwanza. Langu huenda kwenye matangi.

*"Ami, mimi niko Malindi, mitaa ya zamani karibu na Msikiti wa Juma. Nyumba yetu ni ya mawe ya kale. Walikuja mafundi wakatoboa ukuta wa mbele kuvutia waya wa nyumba ya jirani, hawakuuliza mtu, na sasa pana ufa. Nasikia Ulaya nyaya za tramu hufungwa kwenye kuta za watu, wao hazipasuki? Mama wa Malindi."*

Pole sana mama. Ni kweli hufungwa, na kwa macho ni afadhali kuliko nguzo, kwani ndoano ukutani haionekani na njia ya kupita watu inabaki wazi. Hata Edinburgh kuna sehemu walitumia kuta. Lakini kuna adabu zake: mwenye nyumba anaulizwa, ukuta unapimwa kwanza kama utastahamili mvuto, na huwekwa kitu cha kumeza mtetemo ili waya usiimbe chumbani usiku.

Ukuta wako ni mawe ya matumbawe na chokaa, si jabali la Scotland. Ile misumari ya kutanuka ikikazwa ndani yake inasukuma, na chokaa ya zamani haisukumwi, inameguka. Hapo usikubali waje wakakuzibia kwa saruji, nakuomba mama, saruji inafungia maji na chumvi ndani na mwaka ujao ufa utakuwa na watoto. Tafuta fundi wa chokaa, apanue ufa kidogo, aulowanishe, ajaze chokaa na vijiwe, aache ukauke polepole chini ya gunia bichi. Na huo waya uhamishwe. Piga picha ya ufa leo uweke na tarehe, andika barua kwa walofunga, nakala ipeleke ofisi ya makumbusho iliyo karibu nawe.

Na ukitaka kujua, hata reli zenyewe huko wakipita karibu na majengo ya kale hulazwa juu ya zulia la mpira ili mtikisiko usifike kwenye misingi.

*"Ami hivi ni kweli pwani yetu ilishawahi kuwa na tramu au bibi yangu ananitania? Binti wa Shela."*

Hakutanii binti yangu, ila tramu ya stima haikuwa. Mombasa kulikuwa na vigari juu ya vijireli vyembamba, bwana mkubwa anakaa chini ya kipaa cha kitambaa na wanaume wanamsukuma kwa mikono kutoka mjini mpaka Kilindini, jasho lao ndo stima yenyewe. Na Unguja mwanzoni mwa karne ya 20 gari la moshi lilikuwa likitoka karibu na Ngome Kongwe kwenda Bububu, kama kilomita 11, likipita mtaani karibu kabisa na madirisha ya watu. Huko hakukuwa na waya wa kuharibu sura ya mji, kulikuwa na moshi na cheche kwenye nguo zilizoanikwa. Muulize bibi kama alisikia habari za cheche, kisha uniandikie.

Yule alouliza kuhusu tangi la maji juu ya paa la shemeji yake, barua nimeipata, toleo lijalo inshallah, ile ina ugomvi wa kifamilia ndani yake nataka kuisoma mara ya pili.