Ile sauti ya kichwani: kwa nyinyi mlioanza kliniki juzi

Karibuni, na poleni. Mimi huu mwaka wa tatu natibiwa sonona na wasiwasi, nina kibanda cha mobile money huku Kampala.

Siku moja nilituma 50,000 kwa namba siyo, tarakimu moja tu nimekosea, mteja hajaondoka hata ile sauti ishaanza, wewe unaharibu kila kitu, hata nyumbani wanajua. Mikono inatetemeka, nikafunga kibanda saa tano asubuhi nikaenda kulala siku mbili. Hela yenyewe ilirudi, aliyepokea alikuwa muungwana. Kilichonimaliza ni zile siku mbili.

Daktari akanipa kazi ya daftari. Andika maneno ya sauti vilevile inavyoyasema, usiyapambe, alafu ifanye kama mteja anayelalamika kakatwa hela, mwambie alete meseji ya muamala. "Naharibu kila kitu" eti? Siku ile nilifanya miamala kama thelathini, mmoja ndo ulikosewa. Basi naandika chini yake: nimekosea namba moja, nimeshapiga simu kampuni, nasubiri. Basi, hapo hapo. Usiandike mimi ni mshindi sijui nini, nilijaribu hiyo ya kujisifu kwenye kioo na kichwa kilinicheka. Sentensi iwe ndogo na iwe kweli.

Na usiifanye saa nane usiku, usiku ile sauti inashinda kila kesi. Ngoja asubuhi ushakunywa chai.

Aaron Beck, daktari wa Marekani, ndiye aliyeona miaka ya 1960 kwamba wagonjwa wake wana mawazo yanayopita fasta bila kuitwa na wao wanayaamini bila kuuliza. Lakini banange, Waganda jina walikuwa nalo, okwekyawa, yaani kujichukia mwenyewe, na wanavijiji wa kusini walilitaja wenyewe watafiti walipoenda kuwauliza. Alafu 2002 huko Rakai na Masaka watu wakawekwa kwenye vikundi, wiki 16, kila wiki saa moja na nusu, wanaongelea misiba na ugomvi wa nyumbani, na sonona ilipungua sana. Kwa hiyo daftari peke yake usilitegemee, tafuta watu. Mimi namsomea dada yangu ukurasa mmoja kila Jumapili, anacheka, na mimi naishia kucheka.

Sauti ikianza kukwambia ujiue, hapo weka kalamu chini, si mjadala tena. Mwambie mtu dakika hiyohiyo akupeleke hospitali, Butabika, ile ya taifa ya magonjwa ya akili hapa Kampala, au ya rufaa ya mkoa wako, wana kitengo cha afya ya akili.

Dawa nazo zinachukua wiki kadhaa kushika, na sauti itakwambia vidonge ni vya vichaa. Mimi niliacha ghafla nilipojiona niko poa, nikarudi chini vibaya sana, kibanda kikakaa kimefungwa karibu mwezi. Ukitaka kuacha, muulize daktari kwanza.